Kifua kinachobana, moyo uliochoka: Tiba zisizohitaji upasuaji

MAUMIVU yanayokibana kifua cha mtu anapopanda kilima, kisha yakatulia anapopumzika, huwatia wengi hofu ya mambo mawili: kifo na kisu. Hofu iyo hiyo humpata anayeamka usiku akihema, miguu imemvimba, na kuelezwa na daktari kwamba moyo wake umeshindwa kufanya kazi ipasavyo.

Jamaa wapatapo habari hizo, aghalabu huitisha harambee au kutafuta mnunuzi wa shamba ili mgonjwa asafirishwe hadi India kupasuliwa. Wengine hukata tamaa, wakamrejesha mgonjwa nyumbani na kumtafutia mitishamba.

Familia nyingi hufikia maamuzi hayo kabla ya kujua kwamba, kwa idadi kubwa ya wagonjwa wa aina hizi mbili, tiba ya msingi ni vidonge vinavyomezwa kila siku, mabadiliko ya mtindo wa maisha na, kwa baadhi yao, matibabu yanayopitishwa ndani ya mshipa bila kupasua kifua. Nyingi ya dawa hizo zimetumiwa kwa miongo kadhaa, na zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO).

Mara nyingi kinachowaangamiza wagonjwa ni kupewa dawa pungufu, au kuziacha pindi wanapojihisi nafuu.

Maradhi mawili, chanzo tofauti

Moyo ni msuli unaosukuma damu mwilini, lakini nao huhitaji damu yake wenyewe. Huipata kupitia mishipa ya koronari iliyotandazwa juu yake. Mafuta aina ya lehemu yakijirundika ndani ya mishipa hiyo kwa miaka mingi, njia ya damu huwa nyembamba.

Mtu akiwa ametulia, damu hiyo kidogo hutosha. Akipanda ngazi, akibeba mtungi wa maji wa lita 20 au akighadhabika, moyo hudai damu zaidi ya inayoweza kupita, na hapo ndipo kifua hubana. Maumivu hayo huitwa anjaina. Daktari Mwingereza William Heberden aliyaeleza mnamo 1768, akibainisha kwamba humjia mtu akiwa anatembea, hasa anapopanda mlima, na hutoweka anaposimama. Aghalabu huenea hadi kwenye mkono wa kushoto, shingo au taya.

Moyo kushindwa kufanya kazi ni jambo jingine. Haimaanishi kwamba moyo umesimama. Maana yake ni kuwa msuli wake umedhoofika, au umekakamaa, kiasi cha kutosukuma damu inayohitajika. Maji hubaki mapafuni, tumboni na miguuni. Mgonjwa huchoka upesi, huhema, hulazimika kulalia mito miwili au mitatu, na viatu alivyovaa vizuri asubuhi humbana jioni.

Anjaina isipotibiwa na ikafuatwa na mshtuko wa moyo, yaweza kuuacha moyo ukiwa dhaifu. Hata hivyo, barani Afrika chanzo kikuu cha moyo kudhoofika ni kingine. Utafiti uitwao THESUS-HF, uliochapishwa mwaka wa 2012, ulichunguza wagonjwa 1,006 waliolazwa hospitalini katika mataifa tisa, Kenya ikiwemo. Shinikizo la juu la damu ndilo lililosababisha asilimia 45 ya visa. Homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo ilisababisha asilimia 14, ilhali kuziba kwa mishipa ya koronari kulichangia chini ya asilimia 8. Wastani wa umri wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 52, umri wa watu ambao bado wanalipa karo za watoto wao.

Kwa mintarafu hiyo, mgonjwa wa Kenya ambaye moyo wake umechoka huenda asiwe na mshipa wowote wa kuzibuliwa. Anachohitaji ni dawa za kuushusha mzigo ambao moyo umekuwa ukiubeba.

Kundi jingine linalosahaulika ni kina mama. Baadhi yao hudhoofika moyo mwishoni mwa ujauzito au katika miezi michache baada ya kujifungua. Kuhema na kuvimba miguu kwao huchukuliwa kuwa uchovu wa kawaida wa mzazi, na hivyo huchelewa kupata tiba.

Vipimo kabla ya tiba

Kabla ya kuzungumzia tiba yoyote, daktari hupima shinikizo la damu, umeme wa moyo, na damu ili kuangalia sukari, lehemu, figo na upungufu wa damu mwilini.

Kipimo chenye uzito zaidi kwa mwenye kuhema ni picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, maarufu kama eko. Hakina maumivu wala sindano. Huonyesha iwapo vali zinafunga vyema na ni sehemu gani ya damu inayosukumwa nje kila moyo unapopiga. Moyo wenye afya husukuma zaidi ya nusu ya damu iliyomo ndani ya chumba chake cha kushoto. Ukisukuma asilimia 40 au chini ya hapo, huhesabiwa kuwa umedhoofika, na dawa nyingi zitakazotajwa hapa zilifanyiwa majaribio kwa wagonjwa wa kiwango hicho.

Ni vyema mgonjwa aifahamu nambari hiyo na kuiandika, kwani ndiyo itakayoonyesha baadaye kama tiba inafaulu.

Dawa za anjaina

Dawa za anjaina zina kazi mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa. Baadhi huondoa maumivu. Nyingine haziondoi maumivu hata kidogo, lakini ndizo zinazozuia mshtuko wa moyo.

Katika kundi la kwanza, ya kale zaidi ni nitrogliserini. Kemikali hiyo ndiyo iyo hiyo aliyoitumia Alfred Nobel kutengeneza baruti ya kupasulia miamba. Daktari William Murrell wa London aliwatibu nayo wagonjwa wa anjaina na kuchapisha matokeo mnamo 1879, na miaka ya mwisho ya uhai wake Nobel mwenyewe aliandikiwa na madaktari. Huilegeza mishipa na kuupunguzia moyo kazi.

Kidonge chake huwekwa chini ya ulimi mgonjwa akiwa ameketi, maana chaweza kushusha shinikizo la damu na kumwangusha aliyesimama. Vidonge huhifadhiwa ndani ya chupa yake ya kioo cheusi iliyofungwa barabara. Kuvihamishia kwenye karatasi au kopo la plastiki huviharibu nguvu.

Onyo moja halina mjadala: asiyeweza kuacha vidonge vya kuongeza nguvu za kiume, kama vile sildenafili, asitumie nitrogliserini wala dawa za jamii yake. Zikikutana mwilini, shinikizo la damu huweza kuporomoka hadi mtu akafa. Wanaume wengi huona haya kumweleza daktari kuhusu vidonge hivyo, na haya hiyo imekuwa hatari.

Zipo pia dawa za kupunguza kasi ya moyo, zijulikanazo kama beta-bloka, mathalani atenololi na bisoprololi. Msingi wake uliwekwa na Mwingereza James Black katika miaka ya 1960, kazi iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka wa 1988. Moyo unaopiga polepole hudai damu kidogo, hivyo maumivu hupungua. Wenye pumu hawana budi kumjulisha daktari kabla ya kuandikiwa. Amlodipini, ambayo Wakenya wengi huifahamu kama dawa ya presha, nayo huilegeza mishipa na kutuliza anjaina.

Kundi la pili lina aspirini ya kiasi kidogo, ambayo huzuia damu kugandia palipo na uvimbe wa lehemu, pamoja na dawa za kushusha lehemu ziitwazo statini, kama vile atorvastatini. Mgonjwa hahisi tofauti yoyote anapozimeza, na kwa sababu hiyo ndizo za kwanza kuachwa fedha zinapopungua. Ukweli ni kwamba ndizo anazopaswa kuzishikilia zaidi.

Nguzo nne za moyo uliodhoofika

Hadi miaka ya 1980, kuambiwa kwamba moyo umeshindwa kufanya kazi kulikaribia kuwa hukumu ya kifo. Madaktari walikuwa na dawa za kukojosha na digoksini, ambayo asili yake ni mmea ulioelezwa na tabibu Mwingereza William Withering mwaka wa 1785. Zote mbili zingali zinatumika. Furosemaidi huondoa maji mwilini na kumwezesha mgonjwa kulala chali, nayo digoksini hupunguza safari za kulazwa. Lakini haijathibitishwa kwamba zinarefusha maisha.

Mambo yalianza kubadilika mwaka wa 1987. Utafiti uitwao CONSENSUS ulifanyiwa wagonjwa 253 mahututi katika nchi za Sweden, Norway na Finland. Miongoni mwa waliopewa vidonge bandia, asilimia 44 walifariki katika muda wa miezi sita. Waliopewa enalaprili, asilimia 26. Dawa hiyo ni ya jamii iliyotokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazil.

Tangu hapo zimeongezwa nyingine, na leo miongozo ya kimataifa hutaja nguzo nne ambazo mgonjwa mwenye moyo dhaifu anafaa kuzitumia kwa pamoja, iwapo hakuna kizuizi.

Nguzo ya kwanza ni enalaprili au dawa za jamii yake. Baadhi ya watumiaji hukohoa kikohozi kikavu kisichoisha. Hao huhamishiwa losartani au kandesatani. Midomo au ulimi ukivimba ghafla, dawa hiyo huachwa papo hapo na mgonjwa akakimbizwa hospitalini. Tangu 2014 imethibitika kuwa dawa mpya inayochanganya sakubitrili na valsatani hufaa zaidi ya enalaprili, ingawa bei yake ni ya juu. Hakuna dawa ya nguzo hii inayofaa kwa mjamzito, kwa kuwa humdhuru mtoto tumboni.

Nguzo ya pili ni beta-bloka za aina maalumu, zikiwemo bisoprololi na karvediloli. Tafiti mbili kubwa za 1999 zilionyesha kwamba hupunguza vifo kwa takriban thuluthi moja. Huanzishwa kwa kiasi kidogo, maji yakishapungua mwilini, kisha huongezwa pole pole. Si ajabu mgonjwa kuhisi mchovu zaidi katika majuma ya kwanza.

Nguzo ya tatu ni spironolaktoni. Utafiti wa RALES wa mwaka wa 1999, uliohusisha wagonjwa 1,663, ulionyesha kwamba kidonge hiki cha zamani hupunguza vifo kwa asilimia 30. Kinaweza kuongeza madini ya potasiamu katika damu, hivyo lazima damu ipimwe kila baada ya muda. Wanaume wachache huvimba matiti.

Nguzo ya nne ilianza kama dawa ya kisukari. Dapagliflozini ilijaribiwa kwa wagonjwa 4,744 katika utafiti wa DAPA-HF wa 2019, wengine wao wakiwa hawana kisukari kamwe. Ilipunguza kwa asilimia 26 vifo vya maradhi ya moyo na visa vya hali kuzorota. Baadaye ilibainika kwamba dawa za jamii hii huwafaa pia wale ambao moyo wao umekakamaa badala ya kudhoofika, kundi ambalo kwa muda mrefu halikuwa na tiba ya maana. Anayetapika, anayeharisha sana au aliyefunga kula huambiwa aisitishe kwa muda kwa ushauri wa daktari.

Kuna pia mchanganyiko wa hidralazini na isosobaidi, dawa mbili za zamani. Utafiti wa A-HeFT wa mwaka wa 2004, uliofanyiwa Wamarekani weusi 1,050 waliokuwa tayari wanatumia dawa nyingine, ulipata kwamba vifo vilipungua kwa asilimia 43. Aidha, huwafaa wale ambao figo zao haziwezi kuvumilia enalaprili.

Mgonjwa hapaswi kungoja miaka ili azipate zote. Utafiti wa STRONG-HF, uliochapishwa mwaka wa 2022 na kushirikisha hospitali za Afrika, uliwaongezea wagonjwa dawa haraka katika majuma ya kwanza baada ya kutoka hospitalini, wakipimwa mara kwa mara. Katika siku 180, asilimia 15 ya hao walifariki au walilazwa tena kwa sababu ya moyo. Kwa waliofuata utaratibu wa kawaida, ilikuwa asilimia 23.

Vidonge au stenti?

Mnamo Septemba 16, 1977, daktari Andreas Grüntzig alipenyeza mpira mwembamba kwenye mshipa wa mgonjwa jijini Zurich, Uswisi, akaufikisha moyoni na kuuzibua mshipa wa koronari kwa puto dogo. Mgonjwa alikuwa macho. Siku hizi daktari hupitia kifundo cha mkono au kinena, na huacha ndani kijibomba cha waya kiitwacho stenti ili mshipa usisinyae. Hospitali kadhaa kubwa za Kenya zina vyumba vya kufanyia kazi hiyo.

Anayepata mshtuko wa moyo huokolewa na stenti iwapo atafika mapema. Hapo hakuna ubishi. Suala huwa gumu kwa mwenye anjaina iliyotulia, yaani ile inayokuja kwa kazi ya kiwango kile kile na kuondoka kwa kupumzika.

Utafiti wa COURAGE wa mwaka wa 2007, uliohusisha wagonjwa 2,287, na ule wa ISCHEMIA uliotangazwa 2019, uliohusisha wagonjwa 5,179 katika nchi 37, ulifikia jibu moja. Kwa wagonjwa wa aina hiyo, kuanza kwa stenti au upasuaji hakukupunguza vifo wala mshtuko wa moyo kuliko kuanza kwa dawa kamili. Kilichopungua zaidi ni maumivu.

Hilo si jambo dogo. Mwaka wa 2023, utafiti wa ORBITA-2 nchini Uingereza uliwalinganisha watu waliowekewa stenti na waliofanyiwa utaratibu wa bandia bila kujua. Waliowekewa stenti halisi walipungukiwa na maumivu zaidi.

Kwa hivyo, ambaye maumivu hayatulii licha ya dawa ana sababu njema ya kuwekewa stenti. Ambaye hajapewa dawa ipasavyo hana haraka ya kuuza shamba. Na anayewekewa hawi ameaga vidonge: lazima ameze dawa mbili za kuzuia damu kuganda kwa miezi kadhaa. Akiziacha mapema, stenti yaweza kuziba ghafla.

Kwa ambaye moyo tayari umedhoofika, utafiti wa REVIVED wa 2022 haukupata kwamba stenti humwongezea siku za kuishi akilinganishwa na anayetumia dawa pekee.

Wagonjwa ambao vali ya moyo imekazana kutokana na homa ya baridi yabisi pia wana njia isiyo ya kisu. Puto lililobuniwa na Kanji Inoue wa Japani katika miaka ya 1980 hupitishwa ndani ya mshipa na kuipanua vali hiyo, mradi isiwe imeharibika kupita kiasi.

Mashine ya kukamua miguu

Wapo wagonjwa wachache ambao anjaina huwasumbua licha ya dawa zote, na mishipa yao haifai kwa stenti wala upasuaji. Hao ndio wanaolengwa na tiba ya kusukuma damu kutoka nje ya mwili, ijulikanayo kwa kifupi kama EECP.

Mgonjwa hulala kitandani, akafungwa mikanda inayojaa hewa kwenye vigimbi, mapaja na makalio. Mashine hufuata umeme wa moyo wake. Kila moyo unapopumzika kati ya mpigo na mpigo, mikanda hujaa kuanzia chini kwenda juu na kukamua damu irudi moyoni, wakati hasa ambapo mishipa ya koronari hupokea damu. Moyo unapokaribia kupiga tena, mikanda hulegea na kuupunguzia kazi. Kwa kawaida tiba huchukua saa moja kwa siku, siku tano kwa juma, kwa majuma saba: saa 35 kwa jumla.

Mamlaka ya dawa nchini Marekani iliidhinisha matumizi yake kwa anjaina mwaka wa 1995, na kwa moyo uliodhoofika mwaka wa 2002. Utafiti wa mwaka wa 1999 uliohusisha wagonjwa 139 ulionyesha kwamba maumivu yalipungua kuliko kwa waliofungwa mikanda isiyobana vya kutosha. Ule wa PEECH wa mwaka wa 2006, kwa wenye moyo dhaifu 187, ulipata nafuu kiasi katika muda wa kufanya mazoezi, lakini kipimo cha pumzi hakikubadilika. Hakuna utafiti wa aina hiyo uliothibitisha kwamba hurefusha maisha.

Kwa sababu hiyo, miongozo ya Ulaya huitaja kama jambo linaloweza kufikiriwa baada ya njia nyingine kushindikana. Haiwafai wenye damu iliyoganda miguuni, vali ya mkole wa damu inayovuja sana, mshipa mkuu uliovimba tumboni, wala moyo unaopiga ovyo. Kliniki yoyote inayoinadi kama mbadala wa vidonge inampotosha mgonjwa.

Vivyo hivyo kwa dripu za kusafisha mishipa. Utafiti mkubwa uliotolewa 2024 kuhusu wenye kisukari waliowahi kupata mshtuko wa moyo haukuziona na faida yoyote.

Chumvi, mizani na mwendo

Nyumbani ndiko sehemu kubwa ya tiba hufanyikia. WHO hushauri mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai kwa jumla. Chumvi hiyo haitoki kwenye sufuria pekee. Imo ndani ya mkate, viazi vya kukaanga vya pakiti, soseji na unga wa viungo wa kukolezea mchuzi. Ugali, sukuma wiki, maharagwe na samaki vinaweza kutiwa ladha kwa limau, dhania, kitunguu saumu na tangawizi. Chumvi mbadala zenye potasiamu zisitumiwe na anayemeza spironolaktoni au mwenye figo dhaifu kabla ya kumuuliza daktari.

Mwenye moyo dhaifu apime uzito kila asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya kunywa chai, na auandike. Uzito ukiongezeka kilo mbili au zaidi katika siku tatu, hayo ni maji yanayorudi. Afike kliniki kabla hajaanza kuhema.

Wengi hudhani mgonjwa wa moyo anafaa kuketi tu. Utafiti wa HF-ACTION wa mwaka wa 2009, uliohusisha watu 2,331, ulionyesha kwamba mazoezi yaliyopangwa ni salama kwa wenye moyo dhaifu ambao hali yao imetulia. Kutembea kwenye tambarare kwa mwendo unaomruhusu mtu kuzungumza ni mwanzo mzuri.

Sigara iachwe kabisa. Pombe hudhoofisha msuli wa moyo, iwe ya chupa au chang'aa. Nazo dawa za maumivu zinazouzwa madukani, kama vile ibuprofeni na diklofenaki, huzuia maji kutoka mwilini na zimewarudisha wengi wodini. Mwenye kuumwa mgongo au magoti aulize kwanza. Mitishamba nayo itajwe wazi kwa daktari, kwa kuwa baadhi hugongana na dawa za moyo.

Kujihisi nafuu si kupona

Mgonjwa akishatumia dawa kwa mwaka mmoja, miguu hunywea, usingizi hurudi, na picha ya eko yaweza kuonyesha kwamba moyo unasukuma kama zamani. Hapo swali huzuka nyumbani: ya nini kuendelea kutumia fedha?

Watafiti wa Uingereza walilijibu swali hilo katika utafiti wa TRED-HF, uliotangazwa mwaka wa 2018. Waliwachukua wagonjwa 51 ambao mioyo yao ilikuwa imetanuka na kudhoofika, kisha ikarejea hali nzuri kwa dawa. Chini ya uangalizi wa karibu, 25 waliachishwa dawa hatua kwa hatua na 26 wakaendelea kuzimeza. Katika miezi sita, 11 kati ya walioacha walirudiwa na ugonjwa. Miongoni mwa walioendelea, hakuna hata mmoja.

Hao walikuwa wakipimwa mara kwa mara. Anayeacha kimyakimya kijijini hana wa kumpima. Fedha zikipungua, heri arudi kliniki aelezwe ni dawa ipi ya bei nafuu inayoweza kuchukua nafasi ya nyingine kuliko kuruka siku. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, na ni busara kuuliza mapema ni huduma zipi zinazolipiwa.

Pale kisu kinapohitajika

Upasuaji ungali na nafasi yake. Mshipa mkuu wa kushoto wa koronari ukiwa mwembamba, mishipa mitatu ikiwa imeziba hasa kwa mwenye kisukari, au vali ikiwa imeharibika mno, kuupinga upasuaji kwa hofu kwaweza kuwa kosa kubwa kama kuukimbilia bila sababu.

Dalili zifuatazo hazingoji miadi ya kliniki. Mgonjwa akimbizwe hospitalini:

- Maumivu ya kifua yanayomjia mtu akiwa amepumzika, au yasiyotulia dakika tano baada ya kidonge cha chini ya ulimi.
- Kifua kubana kukiandamana na jasho jembamba, kichefuchefu au kizunguzungu.
- Kuhema hadi kushindwa kuzungumza au kulala, au kukohoa povu la rangi ya waridi.
- Kuzirai, au moyo kwenda mbio bila mpangilio.

Kwa aliye na nafasi ya kuketi na daktari wake, maswali matano yatamfaa kabla ya familia kuchanga hata shilingi moja. Ugonjwa wangu umesababishwa na nini? Moyo wangu unasukuma asilimia ngapi? Je, nimepata dawa zote zinazonifaa, na kwa kiasi kinachostahili? Upasuaji au stenti itanirefushia maisha, au itanipunguzia maumivu? Na nikirudi nyumbani, ni dalili gani itakayonileta tena?

Majibu yaandikwe kwenye daftari lile lile la uzito, naye jamaa mmoja awepo kuyasikia.